Umeiona Eastern Promises? Toa Maoni Yenye Kichwa na Miguu

Rafiki yako ana saa mbili za kupumzika Jumamosi usiku na bando la kutosha. Anakuuliza, "Hiyo Eastern Promises ikoje?" Ukimjibu "ni moto" au "inaboa", hujamsaidia. Hajui kama anaweza kuiangalia sebuleni na mama mkwe. Hajui kama ni ya ngumi au ya kutuliza akili. Wala hajui kwa nini watu wanaendelea kubishana juu yake miaka yote hii.

Maoni mazuri hayahitaji cheti cha sanaa. Yanahitaji macho, na subira ya kueleza ulichokiona. Picha za wahuni wa Kirusi ugenini ziko nyingi, lakini ukitaka kujifunzia, anza na hii. Wanaoipenda wana hoja, na wasioipenda nao wana hoja.

Yafuatayo yanatosha kumpa mtu kabla ya jambo lolote. Filamu ilitoka 2007. Mwongozaji ni David Cronenberg wa Kanada, mwandishi ni Steven Knight wa Uingereza. Hadithi iko London, siku za Krismasi, na inachukua kama dakika 100. Binti wa Kirusi wa miaka 14 anafariki akijifungua. Anaacha kichanga na shajara ya Kirusi. Mkunga aliyemhudumia, Anna, anakuta kadi ya mgahawa ndani ya shajara ile, anaamua kwenda. Mwenye mgahawa, mzee Semyon, anampokea vizuri sana. Nje anamkuta dereva wa familia hiyo, Nikolai.

Simulia hadi hapo, halafu nyamaza. Hii ndiyo mbinu ya kwanza na ndiyo inayovunjwa zaidi. Kuna jambo moja kwenye filamu hii linalobadilisha maana ya kila ulichokiona kabla yake. Ukilitaja, umemmwagia mwenzio mtama. Kanuni nyepesi ni hii: sehemu ya mwanzo isimulie, yanayofuata yaeleze kama matukio bila kusema yalimfikisha nani wapi.

Kisha toa onyo, na litoe waziwazi. Usiseme tu "ina vurugu kidogo". Dakika za mwanzo kabisa mtu anachinjwa kwenye kiti cha kinyozi. Punde si punde binti mjamzito anaingia duka la dawa akivuja damu, anaanguka. Mbele zaidi kuna tukio la danguroni ambapo msichana hana uwezo wa kukataa, na mwanamume mwingine amesimama anaangalia. Kuna pia ubakaji unaosimuliwa kwenye shajara. Uingereza waliipa alama ya 18. Mtu akishajua haya ataamua mwenyewe, na watoto watakuwa wamelala.

Iangalie kwa sauti yake. Kama uliiona imesimuliwa na DJ juu ya sauti za waigizaji, ulichokiona ni kazi mbili kwa pamoja. DJ hodari ana sanaa yake na anastahili sifa zake. Ila kwa filamu hii washa maandishi ya chini, acha sauti ya asili. Nani anaongea Kirusi na nani, na lini anarudi kwenye Kiingereza, ni sehemu ya kisa. Hata ile sauti inayosoma shajara ina uzito wake. Ni ya Tatiana Maslany, Mkanada aliyekuja kupata tuzo ya Emmy mwaka 2016 kwa kazi yake kwenye Orphan Black. Wapo watazamaji wanaoona sauti hiyo inawalazimisha kuhuzunika. Mimi naona ndiyo inayotukumbusha kwamba aliyekufa alikuwa mtoto mwenye mipango yake.

Chagua tukio moja, ulieleze hadi mtu alione

Hapa ndipo maoni yanapopata nguvu. "Viggo Mortensen kaigiza vizuri" ni sentensi ambayo hata asiyeiona filamu anaweza kuiandika. Tafuta pale ulipoamini.

Mfano wangu ni ule wa maiti iliyogandishwa. Nikolai ameitwa kuondoa ushahidi. Maiti ni ngumu kama barafu, na pochi imeganda ndani ya koti. Anaomba mashine ya kukaushia nywele. Anapuliza hewa ya moto taratibu kwenye lile koti mpaka pochi itoke. Kisha anazima sigara kwa kuigusisha kwenye ulimi wake, anavaa sura ya mtu anayeanza zamu, na anawaambia waliopo kwa adabu kwamba anakwenda kushughulikia meno na vidole, hivyo wanaweza kutoka. Hapandishi sauti. Hatishii mtu. Ukimsimulia mwenzio hivyo, hutahitaji kumwambia kwamba mwigizaji ni mzuri au kwamba mhusika anatisha. Ameshaona.

Usilitafute tukio kubwa tu. La mzee Semyon jikoni lina faida hiyo hiyo. Armin Mueller-Stahl anamwigiza kwa sauti laini, anamwonjesha Anna supu ya borscht kama babu anayelisha mjukuu, anawaelekeza wasichana namna ya kupiga fidla. Eleza ukarimu huo kwanza. Hofu itamfikia msomaji wako yenyewe.

Tukio la bafuni nalo halikwepeki, kwa hiyo jiandae. Kila mtu analitaja, na wengi huishia kusema "faiti ya hatari". Nenda mbele zaidi. Nikolai yuko uchi kwenye bafu la mvuke. Wanaume wawili waliovaa nguo zao kamili wanaingia na visu vilivyopinda. Sakafu ni vigae, imelowa, na hakuna pa kujificha. Pambano linachukua dakika chache tu lakini unaona kila jeraha, na kila anapoinuka anainuka kwa shida zaidi.

Sasa sema linatofautiana na nini. Kwenye picha nyingi za ngumi, stelingi anapigwa na viti na bado nywele zimekaa sawa. Hapa mwili unaumia na haupoi kwenye tukio linalofuata. Ongeza na hili: kwenye filamu nzima hakuna bunduki inayofyatuliwa. Wote wanatumia visu na mikono. Kuua kwa namna hiyo kunamtaka muuaji amsogelee mtu na kumshika, na ndiyo maana watazamaji wengine hugeuza uso. Ukiandika hivyo, umeeleza kwa nini tukio linafanya kazi, na umemtahadharisha anayetafuta milio ya risasi kwamba hapa hataipata.

Soma tatuu kabla ya kusifia tatuu

Watazamaji wengi huvutiwa na michoro ya mwili wa Nikolai. Sawa, lakini usiishie kwenye urembo. Kwenye magereza ya Kisovieti palizuka tabaka la wahalifu waliojiita vory v zakone, wezi wenye sheria zao na wasiotambua serikali. Tatuu zilikuwa rekodi yao. Kuba za kanisa zilionyesha umefungwa mara ngapi. Nyota kwenye magoti zilisema mwenye nazo hapigi magoti mbele ya mtu. Aliyejichora asichostahili alikuwa anacheza na maisha yake.

Ukilijua hilo, lile tukio la Nikolai kusimama na nguo ya ndani mbele ya wazee waliokaa mezani linabadilika. Wanamsoma ngozi. Linaonekana tukio dogo, lakini ni usaili wa kazi na ni hukumu.

Kama unataka kusifia maandalizi, yasifie kwa ushahidi. Mortensen alikwenda Urusi mwenyewe kabla ya upigaji picha, akapita Moscow, Saint Petersburg na eneo la Ural, akisikiliza watu wanavyoongea. Alimpelekea Cronenberg vitabu vya tatuu za wafungwa wa Kirusi na dokumentari ya Alix Lambert, The Mark of Cain, ya mwaka 2000. Tatuu zikapata nafasi kubwa zaidi kwenye hadithi. Aya moja ya namna hii ina thamani kuliko "kajitoa sana".

Ukilalamika, lalamika kwa jina la kitu

Lalamiko la kwanza utakalokutana nalo: hawa si Warusi. Ni kweli. Mortensen ni Mmarekani mwenye asili ya Denmark. Vincent Cassel, anayemwigiza Kirill mtoto wa mzee, ni Mfaransa. Mueller-Stahl ni Mjerumani. Jerzy Skolimowski, anayemwigiza mjomba wa Anna, ni Mpolandi, naye mwenyewe ni mwongozaji mkubwa wa filamu. Lakini pasipoti ya mwigizaji ni hoja moja na kilichofika sikioni mwako ni hoja nyingine. Zitenganishe.

Kama unajua mtu anayeongea Kirusi, wapo wengi waliosoma huko, muulize kuhusu lafudhi. Kama huna, sema tu kwamba lafudhi hukuipima. Sisi wenyewe tunajua sikio la mzawa lilivyo. Forest Whitaker alipojifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin kwenye The Last King of Scotland, Oscar alipewa, na bado watazamaji wa huku walikuwa na haki ya kusema walichosikia. Mrusi naye mpe haki hiyo hiyo.

Lalamiko la pili: inakwenda taratibu. Taja wapi. Nyumbani kwa Anna, na mama yake na mjomba? Huko naweza kukubaliana na wewe, baadhi ya mazungumzo yanatembea kwa magongo. Mgahawani? Huko nitakubishia, kwa sababu kila sahani inayobebwa na kila busu la shavuni linakuonyesha nani anamwogopa nani. "Taratibu" pasipo mahali ni malalamiko ya usingizi.

Lalamiko la tatu ni Anna mwenyewe. Watu wanamfokea kwenye skrini: kwa nini umebeba shajara ya marehemu? Kwa nini umerudi tena kwa yule mzee? Kabla ya kuandika kwamba ni mjinga, jiulize alikuwa anajua nini dakika ile. Wewe umeshaona mtu akichinjwa. Yeye hajaona. Anachojua ni kwamba kichanga hakina ndugu, kwamba baba yake mwenyewe alikuwa Mrusi, na kwamba shajara hawezi kuisoma. Naomi Watts anamwigiza mwanamke ambaye naye alishapoteza mimba. Ukiweka hayo pamoja, ukaidi wake unaeleweka. Bado unaweza kusema mwandishi alimpa kazi ndogo kuliko wanaume waliomzunguka. Hiyo ni hoja halali, na nadhani ni ya kweli.

La nne ndilo gumu zaidi: mwisho. Wengi wanasema filamu inakatika ghafla, kana kwamba kuna sehemu haikuonyeshwa. Usiseme "mwisho mbovu" ukaondoka. Andika swali ambalo hukujibiwa. Kwa mfano: je, huyu mtu amebaki nani? Swali kama hilo halifichui kitu kwa asiyeiona, na aliyeiona ataelewa mara moja unaongelea nini. Kwa miaka kadhaa palizungumzwa sehemu ya pili, lakini Cronenberg hakuitengeneza, kwa hiyo ipime kama ilivyo. Usiipe alama za filamu ambayo haipo.

Kuna jambo moja ningependa uwe mkali nalo, kwako na kwa wengine. Usiandike "Warusi ndivyo walivyo". Binti aliyekufa ni Mrusi. Mjomba anayejitolea kusoma shajara ni Mrusi. Waliomuumiza ni genge. Captain Phillips ilipotoka mwaka 2013, Barkhad Abdi akang'ara, lakini Wasomali wangapi waliulizwa maswali ya maharamia na watu waliotoka kuangalia picha hiyo? Taja genge, taja mtu, liache taifa zima.

Upande wa pili, usikimbilie kusema "chumvi, mambo hayo hayapo". Vyacheslav Ivankov, aliyejulikana kama Yaponchik, alikuwa mmoja wa hao vory. FBI walimkamata New York mwaka 1995, akahukumiwa kwa kudai watu fedha kwa vitisho. Novemba 2006 Alexander Litvinenko, aliyekuwa ofisa wa usalama wa Urusi, alifariki London baada ya kulishwa polonium-210. Kisa cha Litvinenko hakikuwa cha magenge, na usivichanganye. Ila kinaonyesha kwamba London ya miaka ile haikuwa mbali na mauaji ya Kirusi.

Na lile la wasichana kuahidiwa kazi ng'ambo, kisha pasipoti ikachukuliwa, msomaji wa Mombasa au Kampala hahitaji kusimuliwa kutoka London. Anawajua waliokwenda Ghuba kwa ahadi za namna hiyo. Kama filamu ilikugusa hapo, liseme. Ni maoni ambayo mhakiki wa Toronto hawezi kuyaandika kwa niaba yako.

Tumia tuzo na filamu nyingine kwa kipimo

Eastern Promises ilipata tuzo ya chaguo la watazamaji kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2007. Mortensen aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora, ikaenda kwa Daniel Day-Lewis. Taja hayo kwa sentensi moja kama yanamsaidia mtu kuamua. Usiyatumie kumziba mdomo aliyechoshwa na filamu. Tuzo haijibu hoja.

Ukilinganisha, linganisha na za ukoo wake. A History of Violence ya 2005 ni ya mwongozaji huyo huyo na mwigizaji huyo huyo, na inakwenda vizuri kwa aliyependa utulivu wa Nikolai. Little Odessa ya James Gray, ya 1994, iko Brighton Beach, New York, na ni ya huzuni zaidi. Tim Roth ni muuaji anayerudi mtaa aliokulia. Anayetaka kuona Warusi wanavyojisimulia wenyewe wakiwa Marekani amtafute Aleksei Balabanov na Brat 2 ya mwaka 2000, lakini mwambie aende akijua ina ubaguzi wa rangi unaokera. Asiyejali wahuni bali anataka London ya wahamiaji, mpe Dirty Pretty Things ya 2002. Steven Knight aliiandika pia, na Chiwetel Ejiofor ni daktari wa Kinigeria anayefanya kazi hotelini usiku. Kuilinganisha na The Equalizer hakutakufikisha popote. Ile Denzel anakuja kushinda, na anashinda.

Kabla hujaandika ya kwako, soma maoni ya watu watatu: mmoja aliyeipenda, mmoja aliyeichukia, mmoja aliye katikati. Tafuta tukio ambalo wote wamelitaja na uliangalie tena. Mara nyingi ugomvi wao uko pale pale, na wewe utajua unasimama wapi.

Sasa andika. Sentensi chache zinatosha: ni ya nani, tukio moja, kasoro moja, na nani asiiangalie. Kitu kama hiki:

"Ya watu wazima, na si ya kuangalia ukiwa unakula. Mortensen anakutisha bila kupandisha sauti, subiri ile ya mashine ya nywele. Anna alistahili nafasi kubwa zaidi, na mwisho umeniacha na swali ambalo sijui kama nilipaswa kuachiwa. Kama unataka risasi, hii si yako. Kama unaweza kuvumilia damu ili umjue mtu, anza usiku huu."

Iweke kando ukamilize kazi nyingine, kisha irudie ukiwa umetulia. Futa kila neno linaloweza kuandikwa juu ya filamu yoyote: "kali", "noma", "kiwango". Ukiona kimebaki kidogo sana, rudi kwenye filamu utafute tukio. Na mtu akikujia na "umekosea kabisa", usijibizane naye kwa alama ngapi kwa kumi. Muulize ni tukio gani analozungumzia, mlianzie hapo.